Jani la Mgomba Lina Mgongo

Mwalimu Skola, shikamoo.

Najua hutaniitikia marahaba, lakini siwezi kuanza kwa namna nyingine. Jana wazazi walipoondoka nilifunga darasa, nikashuka mbio mpaka kwako na chaki bado mkononi, nikasukuma mlango wa uani na kuita, "Mwalimu, wameweza!" Akatoka binti yako, akanitazama. Ndipo nilipokumbuka. Tukakaa jikoni tukalia kidogo, halafu tukacheka, maana habari yenyewe ni ya kucheka. Ngoja nikusimulie, la sivyo nitapasuka.

Tangu tukuzike, darasa la kwanza ni langu. Mimi Zuhura yuleyule, Msubi wa Nyarubungo, uliyenipokea hapa Ntobeye na vumbi la Nyakanazi kichwani. Ulisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," kisha ukanikabidhi watoto wote waliokuwa wakilia siku hiyo na kutangaza kwamba umepona. Nilikuja na mbinu za chuoni. Wewe ndiye uliyenionyesha kwamba mtoto anayeogopa daftari hawezi kuumba herufi. Akikosea anafuta kwa mate, anafuta tena, karatasi inatoboka, naye anakata tamaa. Ndiyo maana ukawapa majani ya mgomba, yale machanga, na kijiti butu. Anachora, haoni kitu. Anasubiri utomvu ukauke, mara herufi inajitokeza nyeusi, na darasa zima linapiga kelele. Jani likijaa, mbuzi anakula kazi ya leo na kesho tunaanza upya.

"Herufi ni ndugu, zishikane mikono," ulikuwa ukiwaambia. "Usinyanyue mkono mpaka neno liishe." Na nukta ya i? "Hiyo ni kofia, inavaliwa mwishoni." Mimi mwenyewe, mtu mzima na cheti changu, nilijifunza kuunganisha herufi kwa kukaa nyuma ya darasa lako.

Basi, nikajiona fundi. Ijumaa ya wiki iliyopita nikawaambia wachukue majani yao nyumbani wakafanye mazoezi. Wewe hukuwahi kuwaruhusu, nami sikuwahi kukuuliza kwa nini. Jumatatu wakarudi. Wee, Mwalimu! Kila b imekuwa d, kila s inatazama nyuma. Watoto wote, tena kwa mwandiko safi, umeunganishwa vizuri, unaelekea kinyume! Nikamwita Editha, yule mkimya uliyemshika mkono muhula mzima, nikamwambia anionyeshe alivyokuwa anafanya. Akalaza jani magotini, mshipa mnene wa katikati ukiwa juu. Mchoro wa kijiti ulikuwa umepenya mpaka upande wa pili, na yeye alikuwa akiufuata kutokea nyuma. Alikuwa amefanya mazoezi Jumamosi yote na Jumapili baada ya misa. Laiti wangekuwa wavivu kidogo!

Hapo hapo mwalimu mkuu akachungulia dirishani. Ubaya ukija haubishi hodi. Akatazama ubao, akatazama majani, akaniita nje. "Mwalimu Zuhura, wazazi wanakuja Ijumaa kukagua. Wakikuta hali hii, kipindi cha mwandiko nakiondoa, waandike herufi moja moja kama shule nyingine. Na darasa hili nitampa mwingine." Unamjua, si mtu mbaya, ni wazazi tu anaowaogopa. Kupewa darasa la tano ningevumilia. Kilichoniuma ni kwamba ningekuwa mimi ndiye niliyekizika kipindi chako, na udongo wako haujakauka.

Nikarudi darasani, nikakaa mkekani pamoja nao. Na hapo nikasikia sauti yako kichwani: "Mgongo uko wapi?" Unakumbuka? Kila asubuhi, kabla ya kijiti kugusa jani, uliwauliza hivyo, nao wakapigapiga jani chini yake huku wakicheka. Miaka yote nilidhani ni mchezo wa kuwatuliza. Kumbe mshipa ule ndio mgongo wa jani, na mgongo sharti ulale chini, ndipo herufi zitazame zinakotakiwa! Mwalimu, nilicheka peke yangu mpaka watoto wakaanza kunionea huruma.

Nikasimama. "Mgongo uko wapi?" Wakapiga majani yao. "Unalala wapi?" "Chini!" Nikawauliza kwa ile ndiyo ya kwenu, "Ego?" "Ego, Mwarimu!" Tukaanza upya. Jumanne b ilikuwa bado inayumba. Jumatano tuliandika hewani kwa kiwiko, tukaandika kwa kidole kwenye mgongo wa jirani, tukaandika mpaka mgomba wa karibu na choo ukabaki uchi. Alhamisi sikula chakula cha mchana, nilikuwa natazama mikono yao tu.

Jana wazazi wakajaa, wengine wamesimama mlangoni. Mwalimu mkuu akasema mtoto mmoja aje ubaoni, na aliyenyoosha mkono alikuwa Editha. Editha, Mwalimu! Bibi yake akadakia kutoka nyuma, "Aandike bibi, nami nijione!" Kati ya maneno yote, lile lenye b mbili.

Akashika chaki. Akashusha mstari, akazungusha tumbo la b kwenda kulia, kulia, Mwalimu! Akavuta mkono mpaka i, akapanda tena b, akamaliza. Hakunyanyua mkono hata mara moja. Kisha akarudi akazivika i zote mbili kofia zao. Bibi alipiga kigelegele mpaka kuku wa mlinzi wakakimbia.

Bado haujaisha utamu. Mwalimu mkuu naye akapandwa na hamu, akachukua chaki aandike "shule". Alipoandika s akanyanyua mkono. Darasa zima likalipuka, "Umenyanyua mkono, Mwarimu!" Wazazi walicheka mpaka wakashikana mabega. Naye akafuta, akarudia polepole, ulimi nje kama wao. Alipogeuka alikuwa anatabasamu. Akasema, "Kipindi kinabaki. Na mwenye darasa anabaki."

Kisha akanipeleka ofisini kwenye ratiba ya ukutani. Kwenye kipindi cha mwandiko lilikuwa bado jina lako, hakuna aliyethubutu kuligusa. Akanipa kalamu niandike langu. Kukufuta sikuweza. Nikaweka ncha ya kalamu kwenye mkia wa a yako ya mwisho, nikavuta mstari, na bila kunyanyua mkono nikaandika Zuhura.

Nimekukumbuka mno, Mwalimu. Wewe uliniombea kwa rozari, mimi nakuombea kwa dua yangu, na naamini zinafika mahali pamoja. Nakuahidi hakuna mtoto wa darasa hili atakayepanda la pili akiogopa kalamu. Na akija mwalimu mgeni mwenye vumbi kichwani, nitamkalisha nyuma ya darasa langu, nimweleze mapema kila kitu, mgongo wa jani ukiwa wa kwanza. Lala salama, mama yangu wa Ntobeye.

Zuhura wako