Lundo la Majani Uliloniachia

Baba,

Nimekukosea. Nianze na hilo, maana nikianza na salamu nitazunguka weee, na usingizi utanichukua mezani kabla sijalisema. Lile lundo la majani ulilosema tusiliguse, nimeligusa, na yai moja nimelivunja.

Ulilisema siku ile ya mwisho. Nesi wa hospitali alikuwa amekushikia simu kwa mkono wenye glavu, na mimi nilikuwa kwenye gari kule St Marys, nje ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi, barakoa bado usoni. Nilidhani utaniachia neno kuhusu shamba la Burundi au kaburi la mama. Ukasema, "Espe, lundo msiliguse." Kisha ukafumba macho, na nesi akaniomba tukuache upumzike. Baba, mimi nimewashikia simu wazazi wa watu wengi namna ile. Sikujua upande wa pili unauma hivi.

Tulikuzika watu kumi, ndiyo idadi iliyoruhusiwa na masharti ya korona. Hakuna aliyekuja nyumbani kwetu huku ugenini, Quakers Hill, kukaa nasi, na jikoni haikuingia hata sufuria moja ya maharage kutoka kwa mtu mwingine. Watu walipiga simu, wakalia kwenye simu, wakakata.

Unakumbuka mama alipokufa kwenye kambi ya wakimbizi kule Kigoma? Siku ya kumaliza msiba ulifagia uwanja mwenyewe hadi jani la mwisho, ndipo watu wakaketi na kunywa. Nilikuwa na miaka tisa, nikikusogezea takataka kwa mikono. Huku sikuwa na watu wala kinywaji, ila ufagio ninao. Nilikuwa nimetoka kwenye shifti mbili mfululizo, nikasema angalau nifagie. Nilipofika kwenye lundo nikajiambia nitapunguza kingo tu kwa reki, lisionekane ovyo. Mkono ukaendelea kuvuta wakati akili imeshalala. Nilishtuka nilipoona kiini cha njano kwenye meno ya reki, na kando yake yai jingine zima, jeupe, kubwa kushinda la bata, mvuke ukitoka kwenye majani. Nikakaa chini palepale nikalia. Hata kwenye mazishi sikulia vile.

Na wewe ndiye uliyeanza kwa kutaka kumla ndege mwenye lundo hilo. Alipotokea mara ya kwanza, mweusi, kichwa chekundu kisicho na manyoya, uliniita: "Njoo uone bata mzinga wa porini, kajileta mwenyewe." Ukasokota tanzi la waya, kama yale ya kunasia kanga kule Kigoma. Bibi jirani akaliona alipochungulia juu ya uzio. Alieleza kwa upole, nami nikakutafsiria kwa upole: ndege huyu analindwa na sheria, yeye na mayai yake. Zamani watu walimla wakati wa shida hadi akakaribia kwisha, na sasa ndiyo anarudi mitaani. Ukauliza kibali kinatolewa ofisi gani. Nikakuambia, Baba, kibali cha kumla hakipo. Ukasema, "Kumbe hata huku bwana nyama yupo." Nilijua unamwaza yule askari wa wanyamapori aliyekulaza rumande kwa ajili ya kanga wawili, mimi na mama tukalala njaa. Ukalitegua tanzi bila kubisha.

Halafu ukaanza kumtazama. Lokdauni ilikufungia ndani, kwaya imesimama, huna pa kwenda. Ulishinda na kiti chako mlangoni, yeye anakwangua majani, anazamisha kichwa kupima joto la majani yanayooza, ndilo linaloangua mayai yaliyofukiwa humo, anaongeza, anapunguza. Nilipokuambia huyo ni dume, kwamba majike hutaga tu humo na kwenda zao, ulicheka hadi ukakohoa. "Huyu ana shida zangu," ulisema. Uliponilea peke yako sikuwahi kukusikia ukisema ni shida.

Basi siku ile nilipovunja yai nilipiga simu kwa watu wanaookoa wanyama, nikakiri kila kitu, nikingoja kutozwa faini. Yule mama kwenye simu akasema nilifukie lile yai zima bila kuligeuza, nirudishe majani, niondoke. Siku mbili dume hakuonekana. Siku ya tatu akarudi, akatupa majani yangu yote na kuyapanga upya, kama ulivyokuwa ukirudia kuosha sufuria nilizokwisha kuosha.

Masharti yalipolegezwa, dada Riziki wa kwaya akanipigia kutoka Lidcombe. Akauliza, tuje lini kumaliza msiba, umeshafagia? Nikamwambia bado. Akashangaa, wiki zote hizo. Ningemwambiaje kwamba nasubiri yai? Wanangu nao wananiambia kwa Kiingereza chao kwamba nipumzike. Nitapumzikaje, Baba, na neno lako la mwisho nimelivunja kwa mkono wangu?

Leo asubuhi nilikuwa nimesimama mlangoni na chai. Majani yakatikisika upande ule nilioharibu. Akatoka kifaranga wa rangi ya kahawia, mabawa tayari anayo, amejaa udongo hadi machoni. Hakuna aliyemngoja. Baba yake alikuwa palepale akikwangua, hata hakumtazama. Kifaranga akakaa kidogo kuvuta pumzi, akapita chini ya uzio, akaenda zake. Sijui kama ni wa yai lile. Nimeamua ni yeye.

Nimempigia Riziki. Nimemwambia waje Jumamosi, na watakuta uwanja mchafu. Nimefagia kijia cha kufikia kiti chako tu. Wakiuliza nitawaambia ndivyo ulivyotaka, na kwamba ndani ya lundo huenda bado mna mayai. Tanzi lako nimelikuta kwenye kopo la misumari. Nimeunyoosha waya, nimefungia miche yako ya nyanya.

Lala, Baba, umechoka na mimi nimechoka. Lundo sitaligusa tena.

Espe wako