Nyimbo za Kwaya Kwenye Skrini Nyeusi

Jumanne, Februari 2016. Whitehall, Columbus. Theluji ya juzi imegeuka tope, na mimi sina hamu ya kula wala ya kuongea na mtu.

Kompyuta imeondoka.

Haikuwa yangu. Ni ya kwaya ya kanisa letu la Warundi. Ina nyimbo zote, na kila Jumapili inaunganishwa na projekta ili watu wasome maneno ukutani. Mama Beata, kiongozi wa kwaya, aliniazima katikati ya wiki nisomee kozi yangu ya kutengeneza programu, kwa sharti moja tu: Jumapili iwe kanisani, nzima.

Wiki iliyopita nilikuwa nahangaika. Kila nikibofya faili ya mwalimu, ilifunguka kwenye ile programu ya kawaida ya kuandikia, mistari yote imeshikana kama ugali. Binamu yangu Elie, ambaye yuko Buffalo na tayari ameajiriwa kuandika programu, akanielekeza kwa simu: weka kihariri kizuri, ile programu ya skrini nyeusi wanayoandikia watengenezaji wa programu, kisha iambie kompyuta ifungulie humo faili zote za maandishi. Nikafanya. Nikafurahi kama mjinga.

Sikukumbuka kwamba nyimbo nazo ni faili za maandishi.

Jumapili tulikuwa na wageni, kwaya kutoka Louisville. Yetu ikasimama kuwaimbia wimbo mpya wa kuwakaribisha. Mama Beata akabofya, ukuta ukawa mweusi. Herufi ndogo zisizosomeka, namba pembeni ya kila mstari. Mzee mmoja akauliza kama ni virusi. Watoto wakaanza kucheka na kunong'onezana kwa Kiingereza. Nikaenda mbele kurekebisha, na mbele ya macho yale yote nikasahau hata pa kuanzia. Kwaya ikaimba ubeti wa kwanza mara tatu, ikakaa.

Sijawahi kuona aibu kama ile tangu tufike Marekani.

Leo nimetoka kazini ghalani nikamkuta Mama Beata nyumbani ananisubiri, kompyuta iko mezani mbele yake. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Mwanangu, irudishe ilivyokuwa."

Nilirudisha mipangilio ya zamani pale pale, hata chai yake haijapoa. Ndipo akasema wazee wameamua isitoke tena kanisani, na vitu vyangu nivitoe vyote. Nikamtumia Elie faili zangu kwa barua pepe, kisha nikazifuta huku Mama Beata akiangalia pembeni.

Mradi wa mwisho wa kozi unatakiwa Ijumaa. Maktaba, yenye kompyuta za bure, inafungwa kabla sijatoka kazini. Nisipoukabidhi, kozi imekwisha, na ile nafasi ambayo Elie alikuwa ananiombea kazini kwake ataipata mwingine.

Elie amejibu sasa hivi kwenye simu: "Nimezipata. Nikutunzie mpaka lini?"

Nimeandika "mpaka Ijumaa", nikafuta. Nimeandika "mpaka nipate kompyuta", nikafuta. Kesho alfajiri naingia ghalani. Nimeweka simu kwenye chaji, nikazima taa.