Bunduki ya Baba Niliyokataa Kuifungua

Kwako Kambale, mdogo wangu uliyelala Mangina,

Bunduki ya Baba imefunguka. Ilinichukua wiki tatu, na kilichomo ndani nimekiona. Ungekuwa hai ningepanda njia ya Beni leo hii nikuambie usoni. Kwa kuwa hauko, ninakuandikia, na barua hii nataka isomwe mbele ya watu wetu wote, maana mimi pia nilikuhukumu mbele yao.

Aliyeileta ni mke wako, Masika. Aliibeba kutoka Mangina ndani ya gunia la kakao, akapita barieri zote za askari, na unajua wangemfanya nini kama mmoja wao angepitisha mkono humo. Akaishusha mlangoni pa atelie yangu hapa Kimemi, katikati ya mashine za kusaga ninazotengeneza. Nilimpa kiti, hakukikalia. Akasema: "Bwana yangu aliniambia, siku atakufa nikuletee hii. Alisema weye ndjo fundi." Akaenda zake kwa dada yake, na mimi nikabaki nimelitazama gunia.

Sikulifungua siku hiyo. Hata kesho yake.

Unaikumbuka ilivyokuwa? Kalibre, bunduki ya mitutu miwili, aliyoipata Baba kwa mzungu wa shamba la kahawa pamoja na karatasi yake yenye muhuri. Alikuwa anafukuza nayo nyani na nguruwe wa pori kwenye mahindi, basi. Sauti yake ilijulikana kilima kizima. Wanawake waliokuwa wakipalilia ng'ambo walikuwa wanasema tu "Papa Paluku huyo", wakimwita kwa jina langu mimi mwanawe, na kuendelea na majembe yao. Siku ya kwanza alipokupa upige, ulifunga macho yote mawili, ukapiga mawingu, ukaanguka matako chini ndani ya viazi. Baba alicheka mpaka akashika mti. Mimi nilicheka zaidi yake, na sikuacha. Miaka yote nilikuita yule anayefunga macho.

Sasa nianze na kosa langu kabla sijakulaumu, maana nitakulaumu pia.

Risasi za Baba zilikaa kwenye kikapu juu ya jiko, pamoja na mbegu za mahindi, pale moshi unapopita kila siku na unyevu haufiki. Vita ilipotukaribia tulisikia kwamba wale watu wenye silaha wakiingia nyumbani, kwanza wanainua macho juu ya jiko kutafuta chakula. Nikajiona mwerevu. Mama alikuwa amefukia ndizi za kasiksi, pombe yetu, kwenye shimo nyuma ya nyumba, amezifunika kwa majani na udongo, na moto wake mdogo umeshawashwa pembeni ili ziive. Nikatoa risasi zote kikapuni, nikazifunga kwa kitambaa, nikazizika kati ya ndizi. Mtu yeyote wa kwetu anajua shimo la ndizi linavyotoka jasho. Nilijua na mimi. Siku hiyo niliwaza macho ya askari tu.

Zilikaa humo mpaka ndizi zikaiva. Wewe ndiye uliyezitoa. Ulizipangusa moja moja kwa shati lako ukaniambia mimi kaka yako: "Yaya, zimelowana hizi." Nikakujibu: "Shaba hailowani." Ukaendelea kupangusa, maana nilikuwa fundi wa chuma na wewe ulikuwa mdogo. Mazungumzo yale niliyasahau. Hapana, nisikudanganye tena, sikuyasahau. Niliyaweka mahali ambapo sikuwa na haja ya kupita.

Walifika mchana, mvua ilikuwa imetoka tu kunyesha. Baba aliniambia: "Paluku, peleka mama yenu kwenye kahawa. Kambale, bakia na mimi." Kilikuchagua wewe kinywa chake, wala sikuelewa kwa nini, na nakiri kwamba hata katika hofu ile kitu kiliniuma. Mimi na Mama tulilala chini ya mikahawa, matope mpaka kifuani. Tulisikia bunduki zao, zile zinazopiga mfululizo. Nilingoja sauti ya kalibre ya Baba. Nilingoja kwa masikio yote mawili, Kambale, na haikuja. Kisha tukaona moshi wa nyumba yetu, kisha tukakuona wewe, unakuja unakimbia kati ya mikahawa, mikono mitupu, hata mkwaruzo huna.

"Papa iko wapi?"

"Bamemuua."

"Na bunduki?"

"Nilivuta, yaya. Yote mbili. Ikakatala. Nikaitupa."

Mama alikushika kichwa akakilaza kwenye magoti yake. Mimi nilikutazama na kufanya hesabu ya mjinga: Baba amekufa, huyu mzima, sauti ya kalibre hakuna. Nikapata jibu langu papo hapo, na nikalibeba miaka sita.

Siku ya kumzika Baba, kwenye migomba, ulikuwa umeichimbua bunduki kutoka kwenye majivu. Kitako kilikuwa kimeungua chote, chuma kimekuwa cheusi, imejifunga. Uliniletea mbele ya baba zetu wadogo na wajomba. Ukasema: "Si weye ni fundi? Fungula uone." Ndicho kitu pekee ulichowahi kuniomba maishani. Nami nikasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Nione nini? Wewe unafunga macho tangu utoto. Itupe chooni." Ulipoinama kuchukua udongo umtupie Baba kama watoto wote wanavyofanya, nilikushika mkono. Nikakwambia udongo huu ni wa watoto wake. Hakuna mzee hata mmoja aliyenikataza. Ulifungua kiganja, udongo ukaanguka kwenye viatu vyako, ukaondoka na ile bunduki chini ya koti lako la mvua.

Mama aliuliza habari zako mpaka anakufa. Vita ile ikapita, ikaja nyingine, wakubwa wa mji wakabadilika na nyimbo zao, na mimi sikukutafuta. Waliponiambia homa imekuchukua huko Mangina, nilisema nina kazi nyingi. Sikuja kukuzika.

Basi nikalifungua gunia. Nilifanya kazi nyuma, mchana, wakati mashine ya kusaga ya jirani inanguruma, maana siku hizi mtu akikutwa na bunduki haulizwi mara mbili. Sikuthubutu kuipasha moto, sikujua ndani kuna nini. Nililaza mitutu ndani ya mazutu, mafuta ya malori, siku tisa. Nikasugua kwa jivu na kitambaa, kisha kwa msasa, maji mekundu yakatiririka kama ya udongo wetu. Kutu ilikuwa imekula bawaba mpaka ndani. Nilikuwa nagonga kwa nyundo ya mti, naacha, natia mafuta, narudi kesho. Na nikiwa nasugua nikaelewa jambo moja la kazi yangu mwenyewe: moto ulikuwa umeunguza juu tu. Kilichoifunga hasa ni kutu. Siku ile ya mazishi ingefunguka kwa nusu saa.

Asubuhi ya Jumanne ikalia, ikakunjika. Kwenye kila mtutu kilikuwa kimebaki kikombe cha shaba cha risasi, baruti na vingine vyote viliungua na nyumba. Nikavitoa kwa bisbisi, nikavipangusa, nikavipeleka mlangoni kwenye mwanga. Katikati ya cha kwanza kuna alama ya sindano, ile inayogonga risasi mtu akivuta, imezama vizuri. Cha pili vilevile. Ulivuta, Kambale. Ulivuta ya kwanza ikakataa, wale watu wako mbele yako, na hukukimbia bado. Ukavuta na ya pili. Mtu aliyefunga macho hafanyi hivyo, na hata kama uliyafunga, ni nani mimi wa kukucheka, niliyekuwa nimelala matopeni.

Sasa nikulaumu, maana nilikuahidi. Kwa nini hukuifungua mwenyewe? Mangina hakukosekani fundi wa baiskeli. Kwa nini hukusimama siku ile ukapiga kelele kwamba risasi nilizilowesha mimi? Ulijua. Wewe ndiye uliyezipangusa. Neno moja tu, na wajomba wote wangegeuza shingo kunitazama mimi. Ulinihifadhi, na mimi nikakufukuza, na nina hasira nawe kwa hilo kuliko kwa kitu chochote. Umekwenda nalo, umeniachia chuma.

Jana nilimwita Masika. Nilimwekea vile vikombe viwili kwenye kiganja, nikamwonyesha alama, nikamweleza habari ya shimo la ndizi yote, bila kuruka kitu. Nilidhani atalia, au atanitemea mate, na ningeyapokea. Alivitazama kidogo tu. Akasema: "Ye alikuwa anajua. Ni weye ndjo ulikuwa haujue." Akanirudishia mkononi.

Nimeichongea kitako kipya cha ubao wa libuyu, kwa sababu nilishaanza na sijui kuacha kazi katikati. Sindano zake nimezitoa, haitapiga mtu wala nguruwe. Jumamosi nitakuja Mangina. Nitapitia kwanza kwenye migomba yetu, nichukue udongo wa juu ya Baba, ule niliokunyima, niulete kwako kwa mkono huuhuu uliokushika. Sikuombi unisamehe. Pokea tu udongo wako.

Mimi yaya yako, niliyesema shaba hailowani,

Paluku