Bastola ya Upepo Imeniaibisha Kisaju

Nick, bado niko Kisaju. Nimechoka, wacha tu.

Unajua ile bastola ya upepo ya kudunga wanyama dawa ya usingizi? Imeniaibisha mbele ya boma yote. Fahali wa Metito ameingiwa na waya mguuni na hataki kushikwa. Nikapampu, nikalenga, nikafyatua. Sindano ikaanguka mbele ya viatu vyangu. Viatu vyangu, Nick!

Watu wakacheka. Metito hakucheka. Akaniambia, "Daktari, hiyo mguu inaoza."

Kumbe hiyo bastola inavuja upepo polepole. Ukipampu, geji ya kupima upepo inasoma sawa. Ukingoja fahali ageuke, upepo umeisha. Nimeshinda nikiipaka povu ya sabuni nione penye inatokea. Hakuna kitu. Nikapaka tena. Hakuna.

Sasa sikia. Nyanya yake Metito akanionea huruma, akakuja kuibariki. Akaitemea mate, ndio baraka ya wazee wa huku. Bastola ya ofisi! Nikainua mkono nipanguze, na hayo mate yakaanza kutoa mapovu. Kwa shingo ya geji! Hapo tu ndio sikuwa nimepaka sabuni, nikiogopa kulowesha geji.

Ni kampira ka kuziba hapo kalikuwa kamepasuka. Nimeweka kengine ka pampu ya kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, na geji ikakaa. Fahali akalala, waya ikatoka.

Nikiingia kwa gari, nyanya akanitemea na mimi, kwa paji la uso.

Hiyo sijapanguza.