Kati ya Mitatu na Kumi

Kaka,

Shikamoo. Huku wazima. Uvimbe wa mguu wa Mama umepungua, feni ya ofisini imekufa tena.

Mwamba wenu wa pweza umefungwa. Tangazo litawafikia Jumatatu. Kikao cha kuzuia uvuvi hapo kilikuwa kifupi. Nilisoma ripoti yangu: pweza wamepungua, mwamba upumzishwe kati ya miaka mitatu na kumi. Zaidi ya hapo hesabu hazisemi. Mwenyekiti akatazama saa. "Sasa mtaalamu, tuandike mingapi?"

Nilijua mitatu mngeivumilia. Nilijua pia kwamba nikizamia pale napenda pakiwa kimya, bila mikuki yenu. Nikasema kumi. Wakaandika, tukanywa chai. Sikuhisi kitu, na mpaka sasa sihisi.

Afisa atakayekuja atawaambia sayansi imeamua. Wenzako watabisha, na wewe ndiye utakayewanyamazisha, maana hapo hakuna ambaye hujamwambia kwamba mdogo wako hakosei hesabu.

Hesabu sikukosea, Kaka. Ila kumi haikutoka kwenye hesabu. Ilitoka kwangu.

Wasalimie watoto.

Mdogo wako