Konokono Watatu wa Ukingo wa Kaskazini

Jumatatu, 4 Machi

Mti wa ukoo umetoka! Nimeukodolea macho mpaka chai ikapoa. Mwaka mzima wa kukata vipande vya konokono, kutoa DNA, kupanga herufi zake mstari chini ya mstari — na huu hapa. Konokono wa mtoni, ndugu wa mbali, nimemweka nje ya wote ili ijulikane shina liko upande gani. Halafu matawi. Hapo ndipo pana kasheshe. Wale watatu niliowavua ukingo wa kaskazini wa ziwa, wenye gamba nene, hawajakaa na wenye gamba nene wenzao. Wako na wenye gamba jembamba! Kompyuta imerudia mara mia. Mara tisini na saba, palepale.

Aliyeandika kwamba gamba nene ni ukoo mmoja ni Profesa, msimamizi wangu. Na bila saini yake sihitimu.

Jumatano, 6 Machi

Profesa hakukaa hata kitini. Sampuli zimechafuka, kasema, watoe hao watatu. Nisipowatoa hasaini.

Nikamweleza: penye kaa wengi, konokono wa ukoo wowote huishia na gamba nene, la sivyo ataliwa. Kufanana tu hakutoshi. Mimi na dada tumezaliwa tumbo moja na hakuna anayeamini; jirani wa ghorofani ndiye wanayemwita pacha wangu. Akacheka kwa pua. Kasema yeye hajaniuliza habari za kwetu.

Nimeumia. Lakini sitoi. Hata mmoja!

Jumamosi, 9 Machi

Dada kapiga simu. Watoe tu upate cheti, utabisha baadaye. Nikamuuliza: na wewe tukutoe kwenye picha ya familia? Akasema nina kichwa kigumu tangu utotoni. Najua!

Ila naogopa. Siku ile nilifanya sampuli kumi na mbili kwa mkupuo. Je, kama kweli nilizichafua? Swali ni halali, hata likitoka mdomoni mwake. Narudia. Upya.

Jumatatu, 11 Machi

Mama Friza — mtunza maabara wetu, anayelinda funguo za friza kuliko roho yake — kakubali kusaidia. Kachagua konokono wengine, wa zamani, kutoka kabati la nyuma. Kanipa vipande vyenye namba tu, moja hadi tisa. Orodha ya majina kaifunga kwenye bahasha. Sijui nani ni nani, kwa hiyo siwezi kumpendelea mtu.

Alhamisi, 21 Machi

Mti mpya. Namba mbili, tano na nane zimekaa na wenye gamba jembamba. Mara mia kwa mia!

Nikamwita Profesa. Mama Friza akafungua bahasha mbele yetu, akasoma: mbili, tano, nane — gamba nene, ukingo wa kaskazini. Profesa akafoka. Basi aliyewavua ndiye aliyechanganya chupa, mzembe huyo ni nani?

 Mama Friza akaziweka chupa tatu mezani, vibandiko vikimtazama Profesa. Wino umefifia, miaka ishirini na miwili. Lakini mwandiko ule naujua. Umejaa kwenye pambizo zote za tasnifu yangu, kila aliponisahihisha.

Naandika haya hapa hapa, kwenye benchi la maabara. Profesa amevuta kiti, ameketi. Fomu yangu ya kuhitimu iko chini ya kiwiko chake, kalamu juu yake. Ananyoosha mkono — amechukua chupa. Anaomba darubini.

Namletea. Fomu siigusi, na hapa sitoki.