Siku Koku Alipozaliwa Nyumbani Kishanda

Mama Koku, mke wangu,

Nakuandikia nikiwa Hamugembe, kwa binti yetu. Koku amejifungua mtoto wa kike hospitali, na wote wawili ni wazima. Tangu tukuzike sijapata habari iliyonifurahisha hivi, wala iliyonifanya nikutafute hivi. Aliponipigia simu nilikuwa shambani Kishanda, kwenye mibuni, nikageuka upande wa nyumba kukuita. Mdomo ulishafunguka.

Nimeshinda nikiikumbuka siku aliyozaliwa yeye. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, gari la kukupeleka kituo cha afya likakwama bondeni, na uchungu ulikuwa umekushika tangu asubuhi. Nikakimbia kwa Ma Adventina, yule mkunga aliyekuwa amestaafu kazi ya zahanati. Nilimkuta anamenya ndizi. Akaacha kisu palepale, akanawa mikono, akabeba mkoba wake.

Mama yangu alitaka nikae nje. "Mwanaume hana kazi humu," alisema.

Ukamjibu kwa sauti ambayo hukuwahi kumjibia: "Mama, waitu, nakusihi, aingie. Ndiye ninayemtaka."

Mama akaenda kuchochea moto.

Ma Adventina akanikalisha nyuma yako, mgongo wangu ukutani, nawe ukaniegemea. Kila uchungu ulipokuja ulinibana mkono mpaka ukafa ganzi. Nilikuwa nasali kimoyomoyo na kuyakosea maneno.

"Deo, usitetemeke," ukaniambia. "Unanitetemesha na mimi."

Tukacheka, mke wangu, katikati ya yote yale.

Kisha mtoto akatoka, asilie. Ikabaki sauti ya mvua kwenye bati. Ma Adventina akamfuta, akamsafisha mdomo, akamsugua mgongo kwa kitenge, akampulizia pumzi.

"Deo, analia?" uliuliza. "Mbona simsikii?"

Ulikuwa umelaza kichwa kifuani pangu, huangalii. Mimi niliona kila kitu juu ya bega lako. Nilikushika tu.

"Njoo, mwanangu. Njoo," Ma Adventina alikuwa akimwambia, taratibu, kama anamwita mtoto aliyepotelea migombani. Ndipo akalia. Ukalia nawe, nikalia nami, na mama yangu akapiga vigelegele mlangoni mpaka majirani wakaja na mvua ileile.

Jana Koku aliniuliza, mtoto akiwa kifuani pake: "Baba, Mama aliponiona mara ya kwanza, uso wake ulikuwaje?"

Nilitaka kumpa jibu zuri. Nikamwambia ukweli kwamba nilikuwa nyuma yako, uso wako sikuuona. Nilichokumbuka ni mabega yako yalivyolegea walipokuwekea mtoto mikononi, na jinsi ulivyorudia neno moja tu, "wangu, wangu." Mama yangu hayupo, Ma Adventina hayupo, nawe hupo. Koku aliitikia kwa kichwa, akamfunika mtoto vizuri. Moyo uliniuma. Ungekuwepo mngezungumza habari hiyo mpaka chakula kipoe.

Ungekuwa umefika na kikapu chako cha ndizi, ukamfukuza mkwe wetu jikoni, ukakaa hapa hadi Koku apate nguvu. Nimekuja mimi badala yako. Jirani ndiye anayemkanda Koku kwa maji ya moto. Mimi nayachemsha, napika, nafua nepi, nambeba mtoto mama yake akisinzia. Siku ya kwanza wanawake wa hapa walinicheka kwenye kamba ya kuanikia. Sasa wananisogezea nafasi.

Najitahidi, mke wangu. Lakini kazi hii ilikuwa yako, na kila ninapoimaliza natamani ningekukuta umeshaifanya, unaniambia nikae nile.

Pumzika, Mama Koku. Mjukuu wetu ameamka, naenda kumchukua.

Mume wako,
Baba Koku